Fomu ya Jina Moja

Uwanja wa shule, Webuye, Jumamosi asubuhi.
Nyuma ya goli, dohani za kiwanda cha karatasi
zimesimama bila moshi, kama watu walioitwa
kisha wakasahauliwa.
Almasi ya besiboli tumeichora kwa majivu;
chokaa ilikwisha muhula uliopita.

Fomu iko gotini. Nairobi wanataka mrushaji mmoja,
miaka kumi na saba au chini ya hapo:
karo ya miaka minne, bweni, viatu, daktari.
Mstari mmoja wa nukta nukta.

Emojong' anarusha kama fundi anayepanga matofali.
Mguu, kiuno, bega, mkono: kila kiungo
kinangoja zamu, hakimsukumi mwenzake.
Nikifumba macho namwona ana miaka thelathini,
bado anarusha,
mpira uleule, wa adabu,
na wapigaji bado wanaupiga.

Khisa, basi.
Khisa aliyezaliwa nyuma ya mapacha
na tangu hapo hajakubali kuwa nyuma ya chochote.
Mdakaji amejaza sponji ya godoro ndani ya glavu
na bado anapuliza kiganja.
Watoto wa darasa la nne wameacha kutafuna miwa.
Mimi pia, nakiri, nilisimama.

Lakini nilihesabu.
Kila baada ya mipira mitano anashusha mkono,
anasugua kiwiko kwenye suruali, upande wa ndani,
upesi, kama anayefuta kamasi mbele ya wageni.
Napajua mahali pale. Panaenea kidole gumba.
Pangu palikatika Eldoret, nina miaka kumi na tisa,
kwa sauti ndogo, ya kamba ya kitanda,
na tangu siku hiyo nanyoa ndevu kwa mkono wa kushoto.

Sokoni Chwele nimewaona wanunuzi wa ng'ombe:
wanabinya goti, wanapanua mdomo, wanahesabu meno,
wanamtembeza mara mbili kwenye changarawe,
kisha wanateta bei.
Hakuna anayewalaumu. Ng'ombe hajui anapimwa nini.
Khisa anajua. Ndiyo maana anasugua upesi.

Nikimchukua na mkono ukahimili, ni sifa yangu.
Nikimchukua ukakatika, ni bahati yake mbaya;
ndivyo watakavyoandika.
Nikimwacha, hapo hesabu inagoma.
Nikimwacha, mkono haupumziki.
Atarudi kurushia ndege mawe kwenye wimbi la babake,
atapakia miwa, trekta baada ya trekta,
na kano haiulizi kama ni mpira ama jiwe.

Wahenga walituonya juu ya ngoma inayolia sana.
Hawakusema lolote juu yetu,
tulioisogeza karibu na moto
ili ilie zaidi.

Nikamwita. "Unaumwa?"
"Hapana, mwalimu."
"Nyoosha."
Mkono ukaenda, ukaenda, ukakwama kidogo tu kabla ya mwisho,
kama mlango wenye kokoto chini yake.
Akatabasamu ili nitazame meno.

Hapana, mwalimu. Nami nilisema hivyohivyo,
barafu ikiyeyuka ndani ya soksi mfukoni mwangu,
na kocha akatazama lile doa la maji likikua
akaniambia, vizuri, rudi uwanjani.
Miaka yote nilidhani nilimdanganya.

Nimeandika Khisa.
Jumatatu Emojong' ataniamkia kwa heshima,
na hiyo itanitosha kuwa adhabu.
Kwenye kisanduku cha afya, pa kuweka neno "mzima",
nimeandika: miezi mitatu asiguse mpira.
Kisha arobaini kwa siku, asizidishe,
hata akiomba. Hasa akiomba.
Nafasi ikaisha, nikageuza karatasi.

Kwa mkono wa kushoto herufi zimelala huku na huku
kama miwa baada ya mvua ya mawe.
Nairobi watadhani fomu ilijazwa na mtoto.